Kusitiri si Kuficha



Jioni moja, mpunga ukiwa karibu kuiva, alitujia mtu nyumbani hapa Umwe akiwa na swali la dhamiri. Hatutasema kama ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili kina neema hiyo, kwamba neno "yeye" halitoboi siri, nasi tuliokifundisha miaka mingi tutaitumia neema hiyo katika habari zake zote. Miaka kadhaa iliyopita aliumia mgongo. Alilazwa, akarudi, akajifunza kutembea upya, nasi tukamshukuru Mungu pamoja naye. Kisichorudi ni nguvu ya kuzuia mkojo, na siku nyingine hata haja kubwa. Hilo alilijua yeye na mtu mmoja tu wa nyumbani mwake.

"Nikiitwa kwenye msiba au kwenye kesha, Mwalimu, nasema nalinda mpunga, nguruwe wamezidi. Nakwenda kulala dunguni peke yangu, na watu wanasifu bidii yangu. Sasa naomba kuuliza, huo si uongo? Na kama ni uongo, ninakwendaje kupokea Sakramenti?"

Mwalimu akikosa jibu huwaambia watoto kwamba jambo hilo litafundishwa wiki ijayo. Sisi nasi tulifanya vivyo hivyo, na wiki hiyo ikawa miezi. Haya tunayoandika ndiyo majibu yetu, naye amekubali tuyatoe hapa, kwa kuwa anaamini hayuko peke yake.

Yafaa kwanza tuitazame siku yake, maana sisi ambao miili yetu bado inatutii hatuwezi kuikisia. Huamka kabla ya jogoo ili afue vitambaa kabla watu hawajafika kisimani. Hathubutu kuvianika juani, bali huvitundika chumbani nyuma ya kanga, ambako havikauki sawasawa. Akivivaa na unyevu wake, ngozi huchubuka. Asubuhi hanywi maji, akidhani kwamba asipokunywa hatatoka mkojo. Kumbe mkojo ukipungua huwa mkali zaidi, huunguza zaidi, hunuka zaidi, na vijidudu hupata nafasi. Akiwa na safari ya Dar es Salaam hushinda na njaa tangu jana yake. Huvaa nguo nyeusi, mbili mbili. Pampasi za watu wazima zipo madukani mjini, lakini bei yake si ya mkulima. Kila anapoingia mahali jambo la kwanza analotafuta ni mlango, na la pili ni choo. Nyuso za watu huja baadaye. Huu ni utumishi mzito, tena wa kila siku, na hauna Jumapili.

Je, ni uongo? Tuseme kweli, habari ya nguruwe ni uongo. Hatukuona njia ya kuizunguka. Lakini tulijiuliza pia ni nani aliyemfundisha uongo huo, na hapo ndipo tulipoanza kujikuna vichwa. Fikirini namna tunavyosalimiana hapa kwetu. Mtu akisema "sijisikii vizuri leo" hatukomei pole. Tunauliza anaumwa nini, tangu lini, ametumia dawa gani, nani alimpa dawa hiyo, na kama hajafikiria kwenda kwa fulani. Tunafanya hivyo kwa upendo, hatukatai. Lakini kwa upendo huo tumemwachia mwenzetu milango miwili tu: ama autangaze mwili wake mbele ya wote, ama azue nguruwe.

Watu wa pwani, Wakristo kwa Waislamu, tuna neno moja zuri, nalo ni sitara. Tunaomba sitara kwa Mungu, na hata nguo na nyumba tunaziita sitara. Angalieni kwamba sitara mtu hupewa. Aliye uchi anasitiriwa na mwingine. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, Shemu na Yafethi walichukua nguo mabegani wakamwendea baba yao kinyumenyume, ili wamfunike bila kumtazama. Kutembea kinyumenyume ni kazi, mtu aweza kujikwaa. Ndivyo ilivyo kusitiri. Kuficha ni jambo jingine: hapo aliye uchi ameachwa ajitafutie nguo mwenyewe gizani, na wengine wote wamekaa wakimsubiri atokee. Huyu wetu wa dunguni hakusitiriwa na mtu. Alikuwa akijificha, na kazi yote ya aibu aliibeba yeye, aliye dhaifu kuliko sisi.

Tena tuna mtindo mmoja wa ajabu. Jina la mtu tunalinong'ona upesi sana, kisimani, sokoni, hata nje ya kanisa baada ya Ibada. Lakini jina la ugonjwa hatulitamki kamwe kwa sauti. Ingalitupasa kufanya kinyume chake: mtu tumsitiri, na ugonjwa tuutangaze.

Sisi wenyewe tuna deni katika jambo hili. Miaka ya 1980, tukiwa walimu vijana, tulikuwa na mwanafunzi aliyenuka mkojo. Tulimhamisha akae peke yake karibu na dirisha, tukaliambia darasa kwamba ni kwa ajili ya hewa. Darasa zima lilielewa. Mwezi uliofuata hakuja tena shuleni. Hatukwenda kwao kuuliza, na katika mafunzo yote tuliyopata chuoni hakuna somo lililotuambia kwamba huenda mtoto yule alikuwa mgonjwa tu, wala sisi hatukuwa na akili ya kuliwaza jambo hilo bila kufundishwa.

Madhara ya kuunyamazia ugonjwa yanaonekana wazi kwa akina mama wenye fistula. Hilo nalo ni jeraha, ila hupatikana katika kuzaa. Uchungu ukikaa siku moja, siku mbili, bila msaada, kichwa cha mtoto hubana nyama laini iliyo kati ya kibofu na njia ya uzazi, ikagandamizwa kwenye mfupa wa nyonga. Damu haifiki, nyama hufa, na baada ya siku chache huachia tundu. Tangu hapo mkojo hutoka wenyewe mchana na usiku. Mara nyingi mtoto naye amekwisha fariki. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka wanawake kati ya 50,000 na 100,000 duniani hupatwa na jambo hili. Si uchawi, wala si malipo ya uzinzi, kama wanavyosema wale wasiojua na wanaojifanya kujua. Ni umbali wa hospitali, na kungoja mno.

Na lina dawa. Mwaka 1959 madaktari wawili, mume na mke, Reginald na Catherine Hamlin, walifika Addis Ababa kutoka Australia kwa mkataba wa muda mfupi tu. Walipowaona wanawake wa namna hii hawakuweza kuondoka, na mwaka 1974 wakafungua hospitali ya fistula peke yake. Mama Hamlin aliishi huko mpaka alipofariki mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 96. Hapa Tanzania fistula hutibiwa katika hospitali kadhaa, kama Bugando kule Mwanza na KCMC Moshi, na kwa sisi wa Rufiji iliyo karibu zaidi ni CCBRT, Msasani, Dar es Salaam, ambako matibabu haya yamekuwa yakitolewa bila malipo. Hata nauli walikwisha ifikiria: mwaka 2009 walianza kuituma kwa simu, kwa M-Pesa, ili mgonjwa asikwame njiani. Mama akiwahi, na tundu likiwa dogo, mara nyingine hupona kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu, bila kupasuliwa. Basi waza, msomaji, kuhusu mtu anayefua gizani miaka kumi kwa ugonjwa ambao daktari wake yuko mwisho wa barabara ya lami.

Tunamjua mmoja. Ametupa ruhusa kuandika, kwa sharti tusitaje kijiji chake. Si wa parishi hii, kwa hiyo msijisumbue kumtafuta. Alishikwa na uchungu katika kitongoji cha delta ambako chombo hungoja maji kujaa ndipo kiondoke. Mtoto alifariki. Mumewe alimrudisha kwao, naye akakaa na hali hiyo miaka tisa katika chumba cha uani, akifua usiku. Kisha ukaja Aprili 2024. Mto Rufiji ulipofurika, mashamba na nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti zilikwenda na maji, na watu wakahamia kambini au kwa ndugu. Mama huyu alijikuta analala ubavu kwa ubavu na watu asiowajua, bila uani, bila giza la kufulia. Anasema usiku wa kwanza alikaa wima mpaka asubuhi ili asilowanishe mkeka wa mtu.

Usiku wa pili bibi mmoja, Mwislamu, alihamisha mkeka wake akautandika kando yake. Alfajiri, mbele ya watu, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lete na hizo zako, mwanangu, nakwenda kufua za wajukuu." Akazichanganya zote katika beseni moja, akaondoka nazo, akazianika juani pamoja na nepi za watoto. Alfajiri iliyofuata alifanya vivyo hivyo, na iliyofuata. Hakuuliza neno. Wiki mbili zilipita ndipo, wakiwa wawili tu, alipomwambia kwamba ugonjwa ule una jina na una hospitali yake. Yeye alisikia redioni.

Tafadhalini litazameni jambo hilo la redio. Bibi yule hakumtangaza mtu, lakini kama hakuna aliyewahi kuutangaza ugonjwa, yeye angalikuwa na beseni tu la kumpa. Beseni ni kitu kikubwa, hatulidharau. Lakini mama yule angalikufa akifua.

Alipelekwa, tundu likazibwa. Hakutoka mkavu kabisa kama katika hadithi: akikohoa, au akijitwisha ndoo kubwa, bado hutokwa kidogo, na bado huvaa kitambaa. Anasema tofauti ni kwamba sasa hukianika juani.

Tulipokuwa tukiyawaza haya, tulirudi kwa yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, ambaye habari zake zimo katika Marko 5 na Luka 8. (Marko anasema waziwazi kwamba matabibu walimmalizia mali na hali yake ikazidi kuwa mbaya, Luka, ambaye Wakolosai 4 yatuambia alikuwa tabibu, ameipunguza makali habari hiyo. Kila kazi hutetea watu wake, hata walimu.) Zamani ilitusumbua kwamba Bwana aliuliza ni nani aliyemgusa, mbele ya umati wote. Mbona hakumwacha aende zake na siri yake? Sasa twaona hivi. Bwana hakutaja ugonjwa wake. Aliuliza, akangoja, na mwanamke mwenyewe ndiye aliyechagua maneno. Na aliponyanyua kichwa hakukuta maswali ya tangu lini na dawa gani, bali aliitwa binti. Jina hilo lilimfunika kuliko pindo la vazi.

Basi, kwako wewe uliyetuuliza. Hudaiwi na mtu yeyote maelezo ya mwili wako. Ukiulizwa kwa nini hukufika, sema "nilikuwa na shida ya mwili" na unyamaze. Hiyo ni kweli, na sisi wengine tujifunze kuishia hapo. Nguruwe uwaache porini. Njoo upokee Sakramenti. Wala usidhani kwamba mgongo ukiisha kuumia hakuna la kufanyika. Watu wa namna yako hufundishwa kutoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa chache, kisha kuuondoa, wakapata saa nzima za ukavu. Wengine hupewa mpira wa kukaa na mfuko wake, na wako waliofundishwa kwenda haja kubwa kwa saa maalumu. Uliza hospitali, na ukiona haya kuuliza tutakwenda pamoja. Kunywa maji. Nawa, jikaushe, paka mafuta mahali palipochubuka.

Na kwa parishi yetu tuna ombi dogo. Tumezungumza na Wazee wa Kanisa kwamba benchi la mwisho, lililo karibu na mlango, liachwe wazi kila Jumapili, na pipa la maji chooni lijazwe kabla ya Ibada, si baada yake. Atakayekaa benchi hilo, ikiwa ni kwa ajili ya mtoto mchanga, au kikohozi, au kuchelewa tu, akitoka na kurudi mara tatu, asiulizwe. Mzee mmoja alituonya kwamba benchi hilo litakuja kuwa alama, na kila atakayelikalia atanong'onwa. Ni kweli, tunalikumbuka dirisha lile la darasani. Kwa hiyo kuanzia Jumapili ijayo tutakaa pale sisi wenyewe, na tunaomba watu watano au sita wenye afya njema waje tukae pamoja.