Moyo Hulishwa Unapolegea

Soma Mwanzo 1:26–2:3. Marko 6:30–34, 45, 46. Je, anayepumzika huku wengine wakiwa bado na shida anawadhulumu?

Mwaka 1628 tabibu Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba damu huzunguka mwilini, na kwamba moyo ndio unaoisukuma. Upande wa kulia huipeleka mapafuni ikapate oksijeni. Upande wa kushoto huisambaza mwilini mwote. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 kila dakika, nao hupiga mara 100,000 hivi kwa siku.

Hata hivyo, damu inayopita katika vyumba vyake haitoshi kuulisha msuli wake mnene. Moyo hulishwa na mishipa yake wenyewe, inayochipuka mwanzoni kabisa mwa aota, ule mshipa mkuu utokao upande wa kushoto. Msuli unapojikaza, huibana mishipa hiyo. Kwa hiyo upande wa kushoto, wenye kazi nzito zaidi, hupata sehemu kubwa ya damu yake unapolegea, kati ya pigo na pigo. Moyo ukienda mbio, muda wa kulegea ndio unaopungua zaidi.

Fikiria mzee wa kanisa ambaye wiki nzima hupatanisha wanandoa, hutembelea wagonjwa, huhudhuria mazishi na kuandaa lesoni. Neno la Mungu hupita mikononi mwake kwenda kwa wengine. Akishauriwa apumzike, huona anawaibia wahitaji. Lakini mtu aweza kuwagawia wengi chakula huku mwenyewe akikonda. Mkewe na watoto ndio wa kwanza kuona: majibu yamekuwa makali, na sala imekuwa fupi.

Je, basi mhitaji angoje? Katika Marko 6 makutano waliwatangulia mitume kabla hawajapumzika, na Yesu hakuwafukuza, aliwahurumia, akawafundisha. Upendo waweza kuahirisha pumziko. Lakini baadaye aliwaaga watu, akaenda mlimani kuomba. Aliliahirisha, hakulifuta. Wala hakungoja mpaka shida zote ziishe.

Adamu naye aliumbwa siku ya sita, na siku yake nzima ya kwanza ikawa Sabato. Hakuwa bado amefanya kazi ya kumstahilisha kupumzika. Pumziko lilikuwa zawadi, si mshahara.

Katika zile lita 5, moyo hujichukulia kama robo lita tu; nyingine zote huenda kwa viungo vingine. Haulegei ili kukwepa pigo lijalo, bali ili uliweze. Pumziko lisilomrudisha mtu kwa jirani yake ni uvivu. Huduma isiyo na pumziko humnyima jirani huyo mtumishi wake wa kesho.

Maswali ya Kujadili:

1. Utajuaje kama unaliahirisha pumziko kwa upendo, au unalikimbia kwa kiburi?

2. Katika kanisa lenu, ni nani asiyeweza kupumzika kwa sababu wengine hawajabeba sehemu yao? Mtafanya nini juma hili?