Karibu na Mshipa wa Shingo

Usiku wa manane pale kambi ya Barafu, Mlima Kilimanjaro, mita zaidi ya 4,600 juu ya usawa wa bahari, ukikosa usingizi utamsikia mpagazi aliyelala kando yako akipumua haraka haraka, kisha kimya. Kimya kinarefuka hadi unataka kumtikisa. Ghafla anavuta pumzi ndefu, anaendelea. Mwenyewe hana habari. Wanaomshughulikia ni vijitezi viwili vya milimita chache, kimoja kila upande wa shingo, pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika, tawi moja likaenda ubongoni na jingine usoni. Kazi yake ni kuonja damu. Oksijeni ikipungua, vinaamrisha kifua kipumue. Mbelgiji Corneille Heymans alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuifumbua siri hiyo. Siri ya nani hasa, ndilo ninalojiuliza.

Katika aya ya 16 ya Sura Qaf, Mungu anaueleza ukaribu wake kwa binadamu kwa kutaja mshipa wa shingo. Na ni huko huko shingoni inakoota paraganglioma, uvimbe adimu unaozaliwa na seli za vijitezi hivyo, au na seli za jamii yake zilizo juu zaidi, ubavuni mwa mshipa unaotoka kwenye fuvu chini ya sikio. Mwenye huu wa juu huweza kusikia mapigo ya moyo wake sikioni, mchana na usiku. Wengine tunafunga na kukesha ili tusikie kilicho ndani yetu. Yeye anaomba kinyamaze.

Shingo ikivimba huku Kilimanjaro, watu huwaza rovu, au TB ya tezi. Si wazo baya. Hospitali ya Kibong'oto inapambana na kifua kikuu tangu 1926. Lakini daktari asiye na haraka, pale hospitali ya KCMC au kwingineko, ataweka vidole na kuusukuma uvimbe taratibu. Unakwenda mbele na nyuma, haupandi wala haushuki, na unadunda. Basi sindano ya kuchukua kinyama inawekwa kando, maana ndani umejaa damu. Zitafuata picha za CT au MRI, na mkojo wa saa 24 kuangalia kama unamwaga homoni za jamii ya adrenalini, zisije zikapandisha presha mgonjwa akiwa kwenye meza ya upasuaji.

Mwaka 1971, mwaka uleule KCMC ilipofunguliwa, Shamblin na wenzake huko Marekani waliugawa uvimbe wa vijitezi hivyo katika madaraja matatu, kadiri ulivyoushika mshipa. Neva za sauti na za kumeza zinapita hapo hapo. Ndiyo maana wapo wanaopasuliwa, wapo wanaopigwa mionzi, na wengi, hasa wazee, huambiwa wangoje, kwani uvimbe kwa kawaida hukua kama milimita moja kwa mwaka. Tuna maombi mengi ya uponyaji wa papo hapo. Ya kuishi miaka ishirini na kitu kisichoondoka, tena kisichoua, ni machache, na nadhani hayo ndiyo magumu zaidi.

Mlima usilaumiwe. Mwaka 1973 watafiti waliripoti kwamba wakazi wa nyanda za juu za Peru hupata uvimbe huu zaidi ya watu wa pwani, lakini vihamba, mashamba ya ukoo ya Machame na Marangu mteremkoni, viko chini mno kufananishwa na huko, na mpagazi hushuka baada ya siku chache. Si mara chache chanzo ni urithi. Jeni ya SDHD yenye kasoro, iliyotambuliwa mwaka 2000 kuwa chanzo, mtu huweza kuipata kwa mama au kwa baba, ila huleta uvimbe karibu daima kwa aliyeipata kwa baba. Kihamba nacho hupita kwa baba, lakini jeni hii haibagui mabinti.

"Rudi mwakani, mzee, na uje na wanao," daktari humwambia mgonjwa.

"Na mabinti?"

"Na mabinti."

Kwani binti aliyeipata kwa baba naye huweza kuugua, ingawa watoto wake kwa kawaida husalimika. Mwanawe wa kiume ndiye anayeweza kuipitisha kwa wanawe, ikaamka. Hayo yote mzee atayasema Desemba, ukoo ukirudi nyumbani, mbele ya wajukuu ambao bado hawajazaa.