Faili Mbili, Alama Moja

Tarehe 23 Februari 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam, wakishirikiana na Google, walitoa hadharani faili mbili za PDF. Ukizifungua, moja ina rangi ya buluu na nyingine ina nyekundu. Zote mbili zina ukubwa wa baiti 422,435. Na zote mbili, zikipitishwa kwenye hesabu iitwayo SHA-1, zinatoa alama ile ile, herufi kwa herufi, inayoanza na 38762cf7. Tangu mwaka 1995 hesabu hiyo ilikuwa ikitumika kama alama ya kidole ya faili, na hapo hadharani wakaonekana watu wawili wenye kidole kimoja.

Muda mfupi baadaye mhandisi mmoja wa mradi wa WebKit, ambao ndio moyo wa kivinjari cha Safari, alizitia faili hizo katika ghala la msimbo la mradi. Nia yake ilikuwa njema kabisa: alitaka kuandika jaribio la kuhakikisha kwamba kivinjari chenyewe hakitazichanganya. Msimbo wa WebKit ulikuwa ukitunzwa kwa Subversion, mfumo unaoweka kumbukumbu ya kila badiliko linaloingia. Ghala likazipokea faili zote mbili bila kulalamika. Shida ilianza watu walipokwenda kuchukua msimbo. Mashine zilizokuwa zikiupima zikagoma moja baada ya nyingine, zikitoa ujumbe kwamba faili ya pili ilitarajiwa kuwa na alama ya MD5, hesabu nyingine ya aina hiyo, inayoanza na 5bd9d8ca, lakini iliyotoka ghalani inaanza na ee4aa52b.

Hiyo ee4aa52b ilikuwa alama ya faili ya kwanza. Faili ya pili haikuwahi kuhifadhiwa. Ghala liliipokea, likatazama faharasa yake, likaona alama ya SHA-1 inayofanana na ya kitu kilichokwisha kuwekwa, likaandika tu kwamba faili hii ni ile ile ya mwanzo.

Faharasa hiyo iliingia katika Subversion toleo la 1.6, Machi 2009. Kazi yake ilikuwa kuokoa nafasi kwenye diski: kitu kikiletwa mara kumi, kihifadhiwe mara moja. Ni wazo zuri, na hata leo ningelikubali. Ila ndani ya badiliko lile mlikuwa na hatua moja fupi: alama ikipatikana kwenye faharasa, usihifadhi tena. Hapakuwa na hatua ya kufungua kile kilichomo na kukilinganisha na kinacholetwa. Na tayari mwaka 2005 Xiaoyun Wang wa China na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba kupata vitu viwili vyenye alama moja ya SHA-1 ni rahisi kuliko ilivyodhaniwa. Swali lilikuwapo mezani miaka minne kabla ya faharasa kuzaliwa.

Nakisimulia kisa hiki nikiwafikiria vijana wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda wanaojifunza kuandika programu, kwa sababu kazi ya kwanza ya maana watakayoombwa nyumbani huenda ikawa daftari la kahawa. Wilaya zao, Karagwe na Kyerwa, zinaishi kwa kahawa. Mkulima analeta kahawa ya maganda kwenye chama chake cha msingi, yaani AMCOS, inapanda mizani, karani anaandika kilo, mkulima anaondoka na stakabadhi akisubiri malipo. Siku daftari hilo litakapohamia kwenye kompyuta, mtu atalazimika kuamua mkulima anatambuliwaje.

Tuseme kijana mmoja ameleta badiliko la msimbo, na wewe ndiye mhakiki. Ameliwekea daftari faharasa mpya ili utafutaji uwe wa haraka: jina pamoja na kitongoji. Akipatikana mtu, usimwandikishe upya, ongeza kilo kwenye akaunti yake. Msimbo ni msafi, unakwenda kasi, na majaribio yote yamepita. Lakini wewe ni mtu wa huku. Unajua katika kitongoji kimoja wapo akina Kamugisha wangapi, na kwamba mjukuu hurithi jina la babu pamoja na shamba lililo jirani na la babu. Kamugisha mkubwa analeta kilo 340. Kamugisha mdogo analeta kilo 95. Mfumo unaandika kilo 435 kwa mtu mmoja.

Hapa ndipo penye hatari, na naomba msomaji asipapite haraka. Jumla ya chama haitakuwa na kasoro. Kilo zilizoko kwenye bohari zitalingana na kilo za kwenye kompyuta hadi gramu ya mwisho, na mkaguzi wa hesabu ataweka sahihi yake kwa amani. Kosa la namna hii halionekani wakati wa kuandika, linaonekana wakati wa kusoma. Kamugisha mdogo atalijua siku ya malipo, akiwa na ada ya shule ya kulipa, na pengine pembeni yake yupo mnunuzi wa butura aliyekuwa akimngojea akate tamaa na ushirika ili amuuzie kahawa ikiwa bado mtini.

WebKit waliligundua kosa lao mapema kwa sababu Subversion, mbali na SHA-1, ilikuwa ikiweka pia alama ya MD5 ya kila faili. MD5 ni dhaifu kuliko SHA-1, lakini ilikuwa shahidi wa pili aliyeandikishwa kando, na shahidi huyo ndiye aliyepiga kelele. Wenzao wa Git, mfumo mwingine wa kutunza msimbo, walilifanya hilo kwa makusudi. Mwaka 2007, walipobadili muundo wa faharasa ya pakiti zao, waliongeza kwa kila kitu namba ya ukaguzi iitwayo CRC, ya baiti 4, ili data iliyobanwa inaponakiliwa kutoka pakiti moja hadi nyingine bila kufunguliwa, uharibifu usipite kimya kimya. Baiti 4 tu. Kwa mkulima wetu shahidi huyo anaweza kuwa namba ya stakabadhi ya karatasi, au namba ya kitambulisho cha taifa, mradi asitokane na jina lile lile linalotiliwa shaka.

Upo pia upande wa pili wa kosa hili, na wilaya hizi zina mfano wake halisi. Hadi mwaka 2012 Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe. Kaisho, Murongo na Nkwenda, katika makaratasi yote ya kabla ya hapo, ni Karagwe. Chama kikuu cha ushirika, KDCU, kimeendelea kuhudumia wilaya zote mbili. Sasa kijana yule, baada ya kusikia habari za akina Kamugisha, anarudi na badiliko jipya: ameongeza jina la wilaya kwenye faharasa. Mwanachama wa Nkwenda aliyejiunga mwaka 2005 akihamishwa kutoka kwenye daftari la zamani, anaingia kama mtu wa Karagwe. Akileta kahawa msimu huu, anaandikishwa kama mtu wa Kyerwa. Mtu mmoja amekuwa wawili, na hisa zake zimebaki kwa yule asiyeleta kahawa tena.

Subversion ilirekebishwa katika toleo la 1.9.6, Julai 2017, ili uzima wa ghala usitegemee tena alama peke yake. Git nayo, kuanzia toleo la 2.13 la Mei 2017, ilianza kutumia SHA-1 iliyofundishwa kuitambua hila ile na kuikataa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiletewa badiliko linalogusa faharasa, usianze na kasi yake. Dai jaribio lenye Kamugisha wawili wa kitongoji kimoja, siku moja, mmoja kilo 340 na mwingine kilo 95, na mwanachama mmoja wa Nkwenda mwenye karatasi za kabla na baada ya 2012. Waingize, kisha wasome mmoja mmoja, kila mtu na kilo zake na hisa zake. Kama jaribio hilo halimo, rudisha badiliko kwa mwenyewe na umweleze sababu kwa upole, hata kama mizani imekwisha kufunguliwa na karani anapiga simu.