Mtoto Mwenye Akili Nyingi ni wa Nani?

Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yanapotoka, karibu kila usharika huwa na nyumba yenye shangwe. Mtoto amefaulu sana. Pengine amechaguliwa kwenda Kibaha, Mzumbe, Ilboru, Kilakala, Msalato au Tabora, shule ambazo serikali imezitenga kwa wanafunzi wenye vipaji maalumu. Kanisani tunafurahi pamoja na wazazi, na ni haki tufurahi. Hata hivyo kuna swali linalofaa kuulizwa kabla tranka halijafungwa: mtoto huyu ni wa nani? Jinsi tunavyolijibu ndivyo tutakavyomlea.

Jibu la kwanza ni kwamba ni wa wazazi wake. Hans Luther, baba yake Martin, alifanya kazi katika machimbo ya shaba, akajinyima ili mwanawe asome Erfurt awe mwanasheria. Mwaka 1505 kijana aliacha masomo ya sheria akaingia utawani, na baba alikasirika sana. Tusimcheke mzee huyo. Wazazi wengi miongoni mwetu wameuza ng'ombe au shamba wakiwa na ndoto kama yake, na mtoto anadaiwa heshima kwa jasho hilo. Lakini heshima siyo deni la kuishi maisha ambayo baba aliyatamani akayakosa.

Jibu la pili ni kwamba mtoto ni wa jamii iliyomsomesha. Jibu hili tunalipenda, na hapa inatupasa tukiri kosa letu wenyewe. Katika mtaa mmoja tuliowahi kuutumikia, tulimwita mbele mvulana aliyefaulu vizuri sana. Washarika walipiga makofi. Kwenye mnada baada ya ibada, jogoo mmoja aliuzwa mara tatu, na ada ikapatikana. Mzee mmoja wa kanisa akamwita "daktari wetu", na jina likamganda. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, yalikuwa mazuri ya kawaida, siyo yale tuliyoyangoja. Likizo ile hatukumwona kanisani. Tulipomtembelea nyumbani, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mchungaji, naona kama nimekula pesa ya kanisa." Hatukuwa na la kumjibu upesi. Tulidhani tumempa zawadi, kumbe tulimtwika mzigo, na sisi wenyewe ndio tuliomfunga kamba. Na mdogo wake, ambaye siku ile alikaa kwenye benchi akipiga makofi pamoja nasi, hatukuwahi kumwuliza yeye anapenda kujifunza nini.

Jibu la tatu ni la imani: mtoto ni wa Mungu, nasi tumekabidhiwa tu. Hana alimwomba Mungu mtoto kwa machozi, na alipompata alimrudisha kwa Bwana. Hakumtoa ili Samweli ampatie jina. Alimtoa kwa sababu alijua ametoka wapi.

Kiswahili chetu kimechukua neno talanta kutoka katika mfano wa Mathayo 25 na kulifanya liwe na maana ya kipaji. Tukumbuke kwamba pale mwanzo lilikuwa kipimo cha fedha, na talanta moja ilikuwa sawa na ujira wa kibarua wa miaka mingi. Kwa hiyo hata yule aliyepewa moja alikuwa amepewa mali nyingi. Tena, aliyeleta faida ya tano na aliyeleta faida ya mbili walipokea sifa ileile, neno kwa neno. Bwana yule hakuwapanga kwa nafasi kama tunavyopanga sisi darasani. Aliuliza uaminifu.

Mtu atasema: basi tusimpe mtoto mwenye akili nyingi chochote cha ziada, maana wote ni sawa. Hapana. Kumwacha akae amechoka darasani kwa kuwa anajua tayari linalofundishwa ni kufukia talanta ardhini. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia viongozi wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule. Alitaka wavulana na wasichana wote wasome, hata kama ni saa moja au mbili kwa siku, na wenye uwezo zaidi waachwe wasome muda mrefu. Sababu aliyoitoa inatufaa hata leo: wawe walimu, wahubiri na watumishi wa watu. Ziada ile ilikuwa kwa ajili ya jirani.

Basi wapendwa, tumpe mtoto vitabu, mwalimu mzuri, na nafasi ya kuuliza maswali, hata yale yanayotutoa jasho kwenye darasa la kipaimara. Lakini akirudi likizo, achote maji na kuosha vyombo kama ndugu zake. Yesu alipokuwa na miaka kumi na miwili aliwashangaza walimu hekaluni, kisha akarudi Nazareti akawatii wazazi wake. Miaka mingi ilipita kabla hajaanza kazi yake, na hakuna aliyemharakisha.

Mvulana yule tulimwomba radhi, yeye na wazazi wake. Tulimwambia kwamba ile haikuwa pesa ya kununua daktari. Ilikuwa sadaka, na sadaka haidaiwi. Jumapili iliyofuata alikuja ibadani, akakaa nyuma kabisa. Safari hii hatukumwita mbele.