Kumwacha Nje ya Picha

Baba alipofariki, matanga yalianuliwa siku ya tatu, nami nikarudi chumba cha habari. Lakini kila usiku nilishika penseli kuchora uso wake, na kila usiku ukanikataa. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, bado tu?"

Nikamkumbuka Käthe Kollwitz, msanii wa Ujerumani. Mwanawe Peter, kijana wa miaka 18, aliuawa vitani Ubelgiji Oktoba 1914. Mama akaanza sanamu ya mwanawe amelala, wazazi wakiwa kando yake. Akakwama, 1919 akaiacha kabisa. Alipoirudia, Peter hakuwemo. Sanamu zilizowekwa makaburini 1932 ni za wazazi tu: wamepiga magoti, kila mmoja kwenye jiwe lake, kwa sura ya Käthe na mumewe Karl.

Miaka karibu 18! Wengine wataita huko kung'ang'ania msiba. Mimi naona kilichomchelewesha ni kuamua kama kumtoa mtoto kwenye sanamu ni kumsaliti. Nadhani si usaliti. Aliyeondoka hahitaji kuchorwa. Waliobaki ndio hawajulikani wakae vipi.

Basi nimemchora mama, kwenye mkeka, anachambua mchele. Ameitazama picha kwa muda. "Na baba yako yuko wapi?"

Sikuwa na jibu.