Ini la Kijana na Mahindi ya Sokoni

Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia Kangundo kwa biashara ya nafaka. Baba yake ameharibikiwa na ini, na matabibu wamesema hapana dawa ila kupandikizwa jingine. Aila imekutana, ikakata shauri kwamba mdogo wake wa mwisho atatoa kipande cha ini lake, “kwani ini humea tena, hatapungukiwa na kitu.” Wengine wamesikia kwamba baada ya hapo mzee ataweza kutiwa zile chembe ziitwazo seli shina ili ini jipya likue upesi, nao wataka kuuza kiwanja kwa ajili hiyo. Ndugu yetu auliza kama haya ni sawa.

Twaanza na hilo neno “humea,” maana ndani yake mna ukweli na mna hatari. Ni kweli kwamba ini lina sifa ambayo moyo na figo hazina. Mtu aweza kukatwa zaidi ya nusu ya ini lake, na sehemu iliyobaki ikavimba na kukua, hata baada ya miezi michache ikakaribia ukubwa wa kwanza. Hakirudi kile kipande kilichokatwa. Lililosalia ndilo linalotanuka kubeba kazi yote. Kwa sifa hiyo madaktari wameweza, tangu mwaka 1989, kuchukua sehemu ya ini la mtu aliye hai na kumpa mgonjwa.

Lakini tangu lini kitu kikawa si cha mwenyewe kwa kuwa chaweza kurudi? Mnazi huzaa kila mwaka, na aangushaye nazi za jirani bila ruhusa ni mwizi vilevile. Tena huyu kijana hatoi nazi. Atapasuliwa tumbo ilhali ni mzima. Huenda akavuja damu au nyongo, na wako watoaji waliokufa, ingawa ni wachache. Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi lililokutana Jidda mwaka 1988 waliruhusu kupandikiza viungo, wakashurutisha kwamba mtoaji awe na akili timamu, atoe kwa hiari yake, asipate dhara la kuvuruga maisha yake, wala kiungo kisiuzwe. Hiari gani hiyo, ikiwa wakubwa wamekwisha kukata shauri na mdogo ameitwa kuja kuambiwa? Sisi hatuioni. Kijana asemaye “ndiyo” mbele ya baba aliye taabani na ami zake wanne hajaulizwa. Ameamrishwa kwa adabu.

Kuhusu seli shina, chembe zenyewe si haramu. Wanazuoni waliokutana Makka mwezi wa Disemba 2003 walizikubali zinapotoka katika njia ya halali, kama uboho wa mtu mzima aliyeridhia, au damu ya kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Neno letu ni juu ya biashara yake. Zimejaribiwa kwa wagonjwa waliopandikizwa ini katika nchi kadhaa, na wengi hawakudhurika. Ila haijathibitika kwamba ini hukua upesi zaidi kwa sababu yake. Wala ini halikui kwa chembe hizo khasa: hukua kwa kugawanyika chembe zake lenyewe zilizokomaa. Anayejaribu dawa kwa uaminifu humwambia mgonjwa kwamba ajaribu. Amwambiaye atapona, kisha akataka bei ya kiwanja, huyo auza asichokuwa nacho.

Na hapa ndugu yetu atuwie radhi, maana ametutajia kazi yake. Mwaka 1981 watu 20 walilazwa katika Wilaya ya Machakos, ambamo Kangundo imo, wakiwa na ini lililoharibika kwa mahindi yaliyoota kuvu, 12 wakafa. Mwaka 2004 balaa ilirudi Ukambani, Makueni na Kitui kupita kwingine, na Machakos haikusalimika: walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 katika hao wakafariki. Mahindi ya sokoni yalipopimwa, 55 katika kila mia yalizidi kiwango cha sumu kilichoruhusiwa. Sumu ile, aflatoksini, haina ladha, wala kuchemsha hakuiondoi. Hutoka katika nafaka iliyowekwa na unyevu.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta maji chini. Mwenye mali alisingizia mvua, naye akamuuliza mbona hakuiweka juu watu waione. Waliokufa mwaka 2004 hawakuwa na mdogo wa kuwakatia ini wala kiwanja cha kuuza.

Basi kijana na aulizwe peke yake, na tabibu asiye wa aila, apewe siku za kufikiri. Na akikataa, sababu isitajwe kwa mzee wala kwa mtu yeyote. Kiwanja kisiuzwe. Na magunia yaliyomo dukani yafunguliwe hadi chini.