Stata na Ahadi Isiyotamkwa

Je, mwenye gari anadaiwa nini na jirani asiye na gari? Wengi wetu tungejibu upesi kwamba hadaiwi kitu. Gari ni mali yake, kalinunua kwa jasho lake, na likilala wiki nzima chini ya mti hakuna sheria iliyovunjwa. Jibu hilo halina kosa kisheria. Lakini ukikaa pande za Haydom, ambako nyumba nyingi zimetawanyika kila moja na shamba lake, utaona kuwa halitoshi.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kazi mwaka 1955, hupokea wagonjwa wa kutoka mbali. Hata hivyo, mgonjwa wa shamba hufikishwa mlangoni pake na jamaa zake: kwa machela, kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwa pikipiki, au kwa gari la jirani. Hapo ndipo stata inapoingia katika habari za maadili.

Stata ni mota ya umeme iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ukizungusha ufunguo, swichi yake huisukuma bendeksi ikaumane na gurudumu la meno lililo nyuma ya injini. Kisha mota huchota umeme mwingi wa betri, mara nyingi zaidi ya ampea 100, na kuizungusha injini mpaka iwake. Kazi yote ni ya sekunde mbili tatu. Kabla Charles Kettering hajalitengenezea kampuni ya Cadillac ya Marekani stata ya umeme, iliyofungwa katika magari yake ya mwaka 1912, madereva walizungusha injini kwa hendeli, nayo iliporudi nyuma ghafla iliweza kuvunja mkono.

Mara nyingi stata haifi kwa siku moja. Huanza kwa kudanganya. Leo inawasha, kesho inatoa "ta!" na kunyamaza, keshokutwa inawasha tena. Mwenye gari huizoea. Huegesha kwenye mteremko, na pasipo mteremko huwaita vijana wasukume. Vijana husukuma kwa moyo mweupe, na wapo wasemao kuwa huo ndio ujirani wenyewe. Siwabishii. Ila saa nane ya usiku wakati wa masika mteremko ni utelezi mtupu, na wasukumaji wamelala. Isitoshe, magari ya gia otomatiki hayawaki kwa kusukumwa.

Lakini jambo zito zaidi ni hili. Jirani asikiaye gari likinguruma kila asubuhi hupanga mambo yake juu ya mlio huo. Mkewe akikaribia kujifungua, hafanyi mapatano na mwenye pikipiki mapema, wala hampeleki akakae kwa ndugu aliye karibu na hospitali, maana moyoni anasema: gari lipo. Hakuna aliyemwahidi kitu, lakini ahadi ipo. Kama gari lingekuwa limekufa kabisa, angelijua hilo na angejipanga vingine. Kwa hiyo gari la kubahatisha humdhuru mtu kuliko gari bovu. Gari bovu linasema kweli. La kubahatisha linasema uongo kwa niaba ya mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, naona mwenye gari ana njia mbili za uadilifu: atengeneze, au awaambie majirani waziwazi kwamba gari hili si la kutegemewa. Na kutengeneza si jambo la kutisha. Aanze na vichwa vya betri, kwa kuwa ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Huondoka kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, mradi yasiingie ndani ya betri. Tatizo likibaki, azuie magurudumu kwa mawe, na akiingia chini ya gari asitegemee jeki peke yake. Afungue kwanza waya wa hasi wa betri, maana spana ikigusa nati ya stata na bodi kwa pamoja hutoa cheche za kuunguza. Ndipo afungue bolti zinazoishika stata. Huenda ndani akakuta kaboni zimelika. Hivyo ni vipande vya bei ndogo kuliko stata nzima. Abadilishe, asafishe kwa msasa laini ile shaba zinazoigusa, na afute vumbi. Akikuta nyaya zimeungua, akubali kikomo chake na kumpelekea fundi wa kusuka mota.

Faida ya kazi hii ya nyumbani si kuokoa fedha tu. Aliyeziona kaboni kwa macho yake anajua zimebaki kiasi gani. Akimwambia jirani "njoo saa yoyote", anasema alijualo. Aliyefungiwa stata nyingine bila kutazama anaweza kutamka maneno hayohayo, lakini anatamka matumaini.

Ahadi ni deni, walisema wahenga, nao hawakuibagua ile iliyotamkwa kwa mdomo na ile inayosikika kila asubuhi katika mlio wa injini.